Bakuli la Bibi katika Masoko ya Riyadh na Jeddah



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya kupamba nyumba, na nadhani alitaraji mapazia na rangi za kuta. Nimechelewa kumjibu kwa miezi miwili, namwomba radhi. Kila nilipoishika kalamu nilijikuta nikieleza habari za bakuli moja tu, na mwisho nimeona afadhali nizieleze hizo hizo: bakuli, masoko niliyozunguka nalo, na jambo nililolijua huko ambalo sikuwa nikilitafuta.

Bakuli lenyewe ni dogo, linaenea uji wa mtoto. Weupe wake ni kama wa maziwa, na kiunoni limezungushiwa maua mekundu na majani ya kijani yaliyopigwa chapa, si kuchorwa kwa mkono. Ukitazama vizuri utaona mahali ambapo ua moja limelipanda lenziwe. Lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, mtu wa Lamu aliyeolewa Unguja. Katika nyumba yake ya Mji Mkongwe palikuwa na chumba cha ndani chenye mashubaka matatu ukutani, na katika shubaka la kati ndimo lilimokaa bakuli hilo pamoja na jingine la namna yake. Yeye hakusema "shubaka". Hadi kufa kwake alisema "kidaka" na "zidaka", kama wasemavyo kwao, na siku ya Alhamisi alipoyafuta vumbi hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukimbia chumbani.

Sisi wajukuu tulijua kwamba mabakuli yale ni ya Kichina, ya kale sana, na kwamba yalivuka bahari pamoja na bibi siku ya harusi yake. Sikumbuki ni nani aliyetuambia. Tulilijua hilo kama tunavyoyajua majina yetu.

Nilipokuja Riyadh mwaka 2004 kumfuata mume wangu, mama alinipa bakuli moja, la pili likabaki kwa dada yangu. Nililizungushia kanga mbili nikalipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Lilifika salama, kisha likatiwa katika katoni, na katoni ikapandishwa juu ya kabati, na huko likakaa miaka 13. Mtu aliyeishi ugenini hahitaji kuelezwa sababu. Nyumba ni ya kupanga, ikama ni ya kuongezwa kila mwaka, na kila mwaka tulisema tutarudi mwakani. Nani apigilie misumari katika ukuta atakaouacha mwakani? Kuta zetu zilikuwa tupu kama za zahanati. Palikuwa na saa ya kutaja nyakati za sala na kalenda ya duka la vyakula, basi.

Tarehe 1 Julai 2017 ilianza ada ya wategemezi, riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikipanda riyali 100 kila mwaka hata ikafika 400 mwaka 2020. Mimi na watoto wanne tulikuwa watu watano. Kwa kiwango hicho cha juu, mwaka mzima ulikuwa riyali 24,000, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya shule. Nyinyi mliokuwapo mnaikumbuka miaka ile. Katika jengo letu ziliondoka familia nne za watu wa kwetu, na kila moja iliacha kitu mlangoni kwa jirani: jiko, godoro, baiskeli. Jirani yangu wa Mombasa alinigongea mlango usiku wa kuamkia safari akanipa finjani sita za kahawa, zisizo na mikono, nyembamba hata ukiziinua kwenye taa unaviona vidole vyako upande wa pili. Akaniambia, "Dada, hizi hazibebeki. Zitie mahali zionekane, usizifungie kabatini kama nilivyozifungia mimi."

Finjani zile ndizo zilizonitoa nyumbani.

Mume wangu alinipeleka Suq al-Zal, katika mtaa wa Dira, karibu na ngome ya Masmak ambayo Mfalme Abdulaziz aliiteka mwaka 1902. Zal ni mazulia. Neno lenyewe ndilo mzizi wa zulia letu. Lakini mbali na mazulia soko hilo linauza majoho, udi, majambia, madele ya shaba, simu za kuzungusha kwa kidole, redio za mbao, na vyombo vya kauri vilivyorundikwa bila mpangilio, sahani ya mfalme juu ya sahani ya mgahawa. Baada ya sala ya alasiri hufanyika mnada. Dalali huinua kitu, hutaja bei, na wazee walioketi kwenye viti vya plastiki hunyanyua vidole kana kwamba wanafukuza nzi. Mimi nilidhani wanafukuza nzi kweli, hata nilipoona birika limeuzwa.

Huko ndiko nilikoelewa kwamba watu wa Najd nao wana mashubaka yao. Nyumba zao za kale zilikuwa za matofali ya udongo, na katika majlisi palikuwa na wijar, meko ya kahawa iliyo pembeni mwa chumba, na kando yake kamar, yaani rafu zilizojengwa kwa jasi ndani ya ukuta, zenye nakshi, ambamo madele na finjani hupangwa ili mgeni azione kabla hajanywa. Rafu za namna hiyo zaweza kuonekana katika nyumba za kale zilizohifadhiwa. Nilipoona kamar kwa mara ya kwanza nilisimama pale mpaka binti yangu akaona haya. Ilikuwa kama kumwona bibi amevaa nguo za watu wengine.

Finjani za Uarabuni zilitoka mbali. Zamani zilikuja za China kwa meli, baadaye zikaja za Ulaya, na katikati ya karne ya 20 zilikuja nyingi za Japani. Zangu sita ni za Japani. Jina la nchi limepigwa chini kwa herufi za Kilatini. Hili ni jambo la kufaa kulijua. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kuandika. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi kwa Kiingereza kwa kawaida hakipiti umri huo, hata muuzaji akiapa vipi.

Na wauzaji huapa. Siku ile ile, muuzaji mmoja alinitolea bakuli la buluu na jeupe, lililojaa vumbi, akasema lina miaka 200, lilitoka katika nyumba ya mfanyabiashara wa Qasim. Chini yake palikuwa na kipande cha karatasi cha bei. Nililipa riyali 120 baada ya kupatana kwa nusu saa, nikatoka nikijiona hodari. Nyumbani tuliliosha, karatasi ikabanduka, na chini ya karatasi palikuwa na maandishi madogo yakisema kwamba chombo hiki kinafaa kuoshwa kwa mashine. Mume wangu hakusema neno. Alikwenda kukaa sebuleni akageuza uso, nami niliona mabega yake yakitikisika.

Baada ya aibu hiyo niliamua kusoma kabla ya kununua, na nawausia nanyi. Chombo kilichotumika muda mrefu huchakaa pale kinapokalia, na mikwaruzo yake haiwi sawasawa. Penye mikwaruzo iliyofuatana kama ya msasa pana mtu aliyefanya kazi hiyo jana. Kigonge kwa kucha: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Vumbi si umri, na mtu wa Riyadh ndiye wa mwisho wa kudanganywa na vumbi.

Aidha, nilisoma ili nijue kwa nini bibi yangu aliziheshimu sahani kuliko dhahabu, na hapo nilikuta bahari. Neno letu sinia limetokana na Kiarabu, na katika Kiarabu limetokana na Sin, ndiyo China. Kauri ni kombe la baharini, na jina la Kitaliano la vyombo hivi, porcellana, nalo lilikuwa jina la kauri wa baharini. Watu wawili wasiojuana walitazama kitu kimoja wakakifananisha na kombe lile lile. Wafinyanzi wa Basra walikwisha kuchora buluu juu ya weupe katika karne ya 9. Katika karne ya 14 Wachina wa Jingdezhen walitumia rangi ya kobalti iliyotoka Uajemi, na baadaye waliiita buluu ya Waislamu. Wakati wa mfalme wao Zhengde, aliyetawala 1505 hadi 1521, walitengeneza kauri zenye maandishi ya Kiarabu. Na pwani yetu ilizipokea. Gedi, alikochimba Kirkman kuanzia mwaka 1948, vilitoka vipande vingi vya Kichina. Katika makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi mabakuli ya China yalipachikwa ndani ya nguzo, juu ya vichwa vya maiti. Kilwa na Shanga yamepatikana pia mabakuli ya manjano yenye michoro myeusi yaliyotoka Yemen. Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza vyumba vya Unguja vyenye mashubaka yaliyojaa vioo na kauri. Basi imani yetu sisi wajukuu haikuwa ya kipuuzi. Nyumba ya Mwamu kuwa na bakuli la Kichina ni jambo la kutarajiwa.

Hapo ndipo niliposhikwa na tamaa ya kulitafutia bakuli langu mwenziwe. Mwanzoni mwa 2022 tulipokwenda umra kwa gari, nililichukua.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni takriban kilomita 950, jangwa kwanza, kisha milima ya Taif. Tulitia nia ya umra pale as-Sayl al-Kabir, ndiyo Qarn al-Manazil, mikati ya watu wa Najd, na bakuli likiwa chini ya kiti cha nyuma ndani ya taulo. Baada ya umra tuliteremka Jeddah, na asubuhi ya pili nilikwenda Balad, mji wa kale, pamoja na binti yangu mkubwa.

Msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa akifika Balad asishangae miguu yake ikijua njia. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, na kati ya safu za mawe wamelaza mbao ndefu ili ukuta usipasuke. Madirisha ya mbao yanayotokeza nje huitwa rawashin, umoja wake roshan, nasi tuna roshani zetu. Vichochoro ni vyembamba, kivuli kimoja hukutana na kingine, na upepo wa bahari hupita humo kama maji katika mfereji. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, baada ya Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Wakati tulipofika, nyumba nyingi zilikuwa zimezungushiwa vyuma vya mafundi.

Nyumba ya Nassif ndiyo mashuhuri kuliko zote. Ilianza kujengwa mwaka 1872 ikamalizika 1881, na Mfalme Abdulaziz alikaa humo alipoingia Jeddah mwaka 1925. Mbele yake umesimama mwarobaini mkubwa, ambao husemwa kuwa kwa miaka mingi ulikuwa mti pekee mjini. Binti yangu, aliyezaliwa Riyadh, hakuwahi kuuona mwarobaini. Nilichuma jani moja lililoning'inia nikampa atafune. Alitema kwa haraka, akauliza kama kwetu watu hula vitu hivi kwa hiari.

Katika nyumba za Hijazi mitungi midogo ya udongo iliwekwa ndani ya roshan ili upepo uyapoze maji, na mtungi ulifukizwa mastaki kwanza ili maji yawe na harufu. Bibi alifukiza mtungi wake kwa ubani. Nilipomweleza hayo mwenye duka moja la vitu vya kale, mzee mwenye asili ya Hadhramaut, alifurahi akatuletea chai, na kwa kuwa alifurahi nilifungua taulo nikamwonyesha bakuli.

Hakulitazama maua yake. Aliligeuza, akavaa miwani, akasogea mlangoni penye mwanga. Kisha akaniuliza kwa upole, "Nani alikwambia ni la China?" Chini ya bakuli, ndani ya madoa niliyoyadhani kuwa ya moshi, palikuwa na muhuri mdogo uliofifia: mnyama aliyelala, mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Yule mzee alisema huo ni muhuri wa kiwanda cha Maastricht, nchi ya Uholanzi, kilichoanzishwa na Petrus Regout katika miaka ya 1830, na kwamba mabakuli ya namna hiyo yaliyopigwa chapa kwa sifongo yaliuzwa kwa wingi pwani yetu tangu mwisho wa karne ya 19. Yalikuwa rahisi. Watu walilia uji na mchuzi. Alikuwa nayo mawili kwenye rafu, nyuma ya birika, na hakuyawekea hata karatasi ya bei.

Naona haya kukiri kwamba nilikasirika. Nilimshukuru kwa ukavu, nikalifunga bakuli, nikatoka.

Mama yangu mkubwa anaishi Jeddah tangu alipoolewa mwaka 1978. Kuanzia Oktoba 2021 mitaa zaidi ya 60 ya mji ule ilipangiwa kubomolewa na kujengwa upya, Ghulail na Petromin miongoni mwa ya mwanzo, na mtaa wake ulikuwa katika orodha. Jengo lilikwisha kukatwa umeme nilipofika. Nilimkuta amekaa sakafuni kati ya magazeti na katoni, na ukuta uliokuwa nyuma yake wakati wote nilipomtembelea, ukuta wa sahani 31, ulikuwa umebaki na madoa ya duara meupe tu pale sahani zilipokuwa. Alikuwa akinunua moja kila alipopata nafasi, katika minada ya vitu vilivyotumika, na nyuma ya kila moja alibandika karatasi: mwaka, na jina la mtoto aliyezaliwa au mtu aliyefariki mwaka huo. Fleti aliyopata ilikuwa ya vyumba viwili. Sahani hazikuwa na pa kukaa.

Nilimwamkia, nikaketi kumsaidia kufunga, na kwa hasira zangu nikamweleza habari za yule mzee wa Balad asiyejua kitu.

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka.

"Anajua," alisema. "Mabakuli ya Kichina bibi yako aliyauza mwaka 1972."

Nikamtazama.

"Zilikuwa sahani mbili kubwa na mabakuli matatu ya buluu, aliyopewa na mama yake. Unga na mchele vilikuwa adimu, mambo ya foleni, babu yako hana kazi. Kulikuwa na mtu akipita majumbani akinunua vitu vya kale. Mama alimwita usiku ili majirani wasione. Tulikula kwa pesa zile miezi mitatu, na wewe, mwanangu, mama yako aliyekuzaa alikuwa mmoja wa waliokula. Asubuhi yake alikwenda kwa jirani aliyekuwa akihama, akanunua mabakuli mawili ya uji, akayatia katika shubaka la kati. Akatwambia, mtu akiuliza, ni yale yale. Akatuapisha."

Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa. Aliendelea kukunja gazeti. "Mtu akihama vitu vyote hutoka nje," alisema. "Hata hivi."

Sikuwa na la kusema. Nilimfikiria bibi akifuta vumbi kila Alhamisi kwa hadhari ile, akijua anachokifuta. Nilifikiria pia kwamba hapakupita mgeni katika chumba kile aliyewahi kuliona shubaka tupu.

Tulifunga sahani mpaka baada ya isha kwa mwanga wa simu. Nitawaandikia alivyonifundisha, kwani wengi wetu tutafunga katoni siku moja. Sahani hazilazwi moja juu ya nyingine; husimamishwa kwa ukingo, kama vitabu, kila moja na gazeti lake, kwa kuwa iliyosimama hustahimili mtikisiko kuliko iliyolala. Chini na juu tia nguo. Bakuli lisibebwe kwa ukingo, wala birika kwa mkono wake, hasa lililowahi kuunganishwa. Chombo cha kale huoshwa kwa maji ya uvuguvugu ndani ya beseni lililotandikwa taulo, bila dawa ya kung'arishia, na chenye dhahabu hakisuguliwi. Sahani kuukuu za rangi kali zisitiliwe ndimu, achari wala ukwaju, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina risasi, na ukali huitoa. Ziwe za kutazamwa. Na wale wenye kuokota vipande katika magofu yetu wanapokwenda likizo, waache. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na Saudia nayo ina sheria yake ya mwaka 2014.

Ilipofika katoni ya mwisho alinipa sahani moja ya buluu. Ilikuwa imevunjika vipande vitatu zamani na kuunganishwa kwa vishikizo vya shaba, saba, kama mshono wa jeraha. Fundi wa zamani alitoboa matundu madogo yasiyofika upande wa pili, akapachika shaba, na sahani ikashika bila gundi. Hii, alisema, ni ya Kichina kweli, ila haina bei kwa sababu ya mishono. Niligeuza nyuma kutazama karatasi yake. Alikuwa ameandika mwaka niliozaliwa mimi.

Njiani nilimwomba mume wangu tupitie tena Balad. Yule mzee hakunikumbusha ukavu wangu. Nilinunua mabakuli yake mawili ya Maastricht kwa riyali 50 yote, na maua ya moja, ingawa ni ya zambarau, yamepandana kama ya kwangu.

Miaka miwili baadaye, Februari 2024, ilitangazwa kwamba wachimbaji wa Jeddah ya kale wamepata mabaki 25,000 hivi katika maeneo manne, na katika msikiti wa Uthman bin Affan zimo kauri za tanuri za Jiangxi za karne ya 16 hadi ya 19. Upande wa pili wa Bahari ya Sham, katika maji ya Misri, meli iliyozama karne ya 18 karibu na kisiwa cha Sadana ilichimbwa kati ya 1995 na 1998, imejaa kauri za China; na nyingine ya namna hiyo imelala karibu na Umm Lajj, kaskazini mwa Yanbu. Nilimsomea mama mkubwa habari hizo kwa simu. Aliniuliza kama katika vipande hivyo wameona sahani zake mbili zilizovunjika siku ya kuhama.

Tuliporudi Riyadh mwaka ule wa 2022 sikupandisha katoni juu ya kabati. Mume wangu alizungumza na mwenye nyumba, ambaye alikubali tujenge ukuta wa jasi mbele ya ukuta wake, kwa sharti kwamba tukiondoka tuubomoe au tuuache bure. Fundi alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, mtu wa Peshawar, hodari, amejenga rafu za televisheni nusu ya mtaa wetu. Alitaka kutia taa za rangi. Nilimchorea mashubaka matatu yenye tao juu, ya kati kubwa kidogo, nikamkataza taa. Alichukua riyali 350 na siku mbili, na akaniuliza mara tatu kama nina hakika juu ya taa.

Katika shubaka la kulia niliweka finjani sita za jirani yangu wa Mombasa. Katika la kushoto sahani yenye mishono, nimeiegemeza nyuma, mbali na mlango, kwani vumbi la Riyadh likivuma milango hujifunga yenyewe. Lile la kati nililiacha kwa ajili ya bakuli la bibi na yale mawili ya Balad, nikaenda jikoni kuyaosha.

Niliporudi binti yangu mdogo alikuwa amepanda kiti. Katikati ya shubaka la kati alikuwa ameliweka lile bakuli la riyali 120, la kuoshwa kwa mashine, na akaniuliza kama huyu naye tumwambie mgeni kuwa ni wa Kichina. Mume wangu aligeuza uso. Nilimwambia aligeuze upande wenye ufa mdogo, kisha nikayapanga yale matatu pembeni yake, na hadi leo Alhamisi nayafuta yote manne.